David Oistrakh: fidla ya Odessa mikononi mwa dola

Majalada ya santuri zilizouzwa Ulaya na Marekani mara nyingi humwita David Oistrakh mpiga fidla Mrusi. Alizaliwa Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi iliyo katika Ukraine ya leo, kwenye familia ya Kiyahudi, na pasi aliyosafiria ilikuwa ya Muungano wa Kisovieti. Majina yote hayo ni ya kweli, ila hakuna hata moja linalotosha peke yake. Utata unazidi ukiitazama kazi yake. Alijiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1942, akapewa Tuzo ya Stalin na baadaye Tuzo ya Lenin, akatumwa nchi za nje kuonyesha ubora wa mfumo uliomlea. Na ni yeye huyo huyo ambaye Dmitri Shostakovich alimtungia konserto iliyofichwa ndani ya mtoto wa meza kwa miaka saba, kwa kuihofia serikali hiyo hiyo.

Wapo wanaoumaliza utata huu upesi: ama alikuwa chombo cha propaganda, ama alikuwa mpinzani wa siri. Kwangu mimi majibu yote mawili yanamdhulumu. Oistrakh hakuwa mpinzani, na mwenyewe alilikiri hilo kwa marafiki. Lakini alifanya kazi ambayo wapinzani wengi hawakuweza kuifanya: aliihifadhi mikononi mwake sauti ya enzi nzima, kisha akaikabidhi kwa wanafunzi. Ili tuone jambo hilo liliwezekanaje, inabidi tuanzie mbali, kwenye swali la kwa nini mji mmoja wa bandari ulizaa wapiga fidla wengi kiasi kile.

Kwanza niondoe ugumu mmoja mdogo. Fidla hii ndiyo hiyo hiyo tunayoisikia kwenye taarabu ya Unguja na Mombasa, yenye nyuzi nne na upinde. Katika taarabu fidla kadhaa huenda pamoja, zikimfuata mwimbaji na kumjibu. Katika konserto fidla moja husimama mbele ya okestra nzima na kubishana nayo kwa nusu saa au zaidi, bila maneno. Anayeipiga hana pa kujificha.

Kibali cha kuishi

Katika himaya ya Urusi kabla ya 1917, Myahudi hakuruhusiwa kuishi popote alipotaka. Sheria ilimbana katika mikoa ya magharibi na kusini. Miji kama St. Petersburg na Moscow ilikuwa wazi kwa wachache wenye vibali: wafanyabiashara wakubwa, wenye shahada, mafundi wa aina fulani. Odessa ilikuwa ndani ya eneo lililoruhusiwa, na ilikuwa bandari tajiri, yenye Wagiriki, Waitalia, Warusi, Waukraine na Wayahudi wengi, pamoja na jumba la opera ambalo wenyeji wake waliliringia.

Huko St. Petersburg, tangu 1868 hadi 1917, darasa kuu la fidla lilikuwa la Leopold Auer, mzaliwa wa Hungaria. Kwake walipita Mischa Elman, Efrem Zimbalist, Jascha Heifetz na Nathan Milstein, watu ambao baadaye walitawala majukwaa ya Marekani na Ulaya. Mwanafunzi wa Kiyahudi aliyepokewa chuoni aliruhusiwa kukaa mji mkuu. Wazazi wake hawakuruhusiwa. Heifetz alipokuwa bado mtoto, Auer alilazimika kumwandikisha chuoni baba yake pia, mtu mzima, ili mwana asiachwe peke yake mjini. Kwa familia maskini ya Odessa, basi, fidla ilikuwa chombo cha muziki na wakati huo huo njia ya kumtoa mtoto kwenye kizuizi cha sheria. Nasisitiza hili kwa sababu simulizi nyingi huzungumzia kipaji cha Wayahudi wa Odessa kana kwamba kilitoka hewani. Kipaji kilikuwapo, ila sheria mbovu ndiyo iliyowasukuma wazazi wamnunulie mtoto fidla badala ya kitu kingine.

Oistrakh alizaliwa humo tarehe 30 Septemba 1908. Mama yake aliimba katika kwaya ya jumba la opera. Baba yake alimletea fidla ya kuchezea alipokuwa na miaka mitatu na nusu, na mtoto akajifanya mmoja wa wapiga fidla wa barabarani waliokuwa wengi mjini. Akiwa na miaka mitano akapelekwa kwa Pyotr Stolyarsky.

Stolyarsky hakuwa msanii wa majukwaa makubwa. Alikuwa mpiga fidla katika okestra ya opera, na kipaji chake halisi kilikuwa watoto. Aliwapokea wakiwa wadogo mno, akawapanga pamoja wasikilizane, akawapandisha jukwaani mapema ili woga usipate muda wa kuota mizizi. Oistrakh alipanda kwa mara ya kwanza mwaka 1914, akiwa na miaka sita, katika onyesho la wanafunzi ambalo Milstein naye alipiga. Akajifunza pia viola, ile ndugu ya fidla yenye sauti nzito zaidi, na nadhani hapo ndipo penye asili ya sauti yake pana. Mtu aliyezoea kuitoa sauti kwenye ala kubwa haminyi fidla.

Mwaka 1926 alihitimu Odessa kwa programu ambayo hata leo ingemtisha mhitimu: Chaconne ya Bach, sonata (kazi ya ala moja au mbili) ya Tartini iitwayo Devil's Trill, sonata ya viola ya Rubinstein, na Konserto ya Kwanza ya mtunzi Sergei Prokofiev, ambayo wakati huo ilikuwa kitu kipya kabisa. Baada ya hapo hakuwa tena na mwalimu. Tangu miaka mitano hadi kumi na minane alifundishwa na mtu mmoja, kisha akajiendesha mwenyewe maisha yake yote.

Mwaka uliofuata Prokofiev alipita Odessa. Katika karamu ya kumkaribisha, kijana Oistrakh akampigia sehemu ya pili ya konserto hiyo, ile ya mbio. Watu wakashangilia. Prokofiev akanyanyuka, akamwambia mbele ya wote kwamba hivyo sivyo inavyopigwa, akakaa kwenye piano na kumwonyesha. Miaka mingi baadaye, walipokuwa marafiki, Oistrakh alimkumbusha mtunzi kisa hicho. Prokofiev alikikumbuka, ila hakujua kwamba kijana aliyemtahayarisha ndiye huyo aliyesimama mbele yake.

“Shule ya Kirusi” ni kitu gani?

Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Wapenzi wa fidla hutaja “shule ya Kirusi” kama ni mtindo mmoja wa kushika upinde. Asili yake ni Carl Flesch, mwalimu mashuhuri aliyegawa ushikaji wa upinde katika namna tatu: ya Kijerumani, ya Kifaransa na Kibelgiji, na ya Kirusi. Katika hiyo ya Kirusi, kidole cha shahada huingia ndani zaidi juu ya kijiti, na uzito wa mkono mzima hushuka kwenye uzi, hivyo sauti hutoka nene. Heifetz ndiye mfano wake maarufu.

Lakini mtazame Oistrakh kwenye filamu. Kiganja chake kimelegea, vidole vyake havijazama, mabega yametulia. Kwa ushikaji peke yake angeweza kudhaniwa ametoka Brussels. Wala hakuwa mwanafunzi wa Auer. Ikiwa shule ni upinde tu, basi mwakilishi wake mkubwa kuliko wote hakuwa mwanashule.

Ukweli ni kwamba baada ya mapinduzi ya 1917 jina hilo lilibeba kitu kingine. Auer mwenyewe aliondoka, akafika New York mwaka 1918. Heifetz na Elman walikuwa ng'ambo tayari, na Milstein akafuata katika miaka ya 1920. Waliobaki walikuwa walimu: Stolyarsky kule Odessa, Abram Yampolsky, Lev Tseitlin na Konstantin Mostras kule Moscow. Serikali mpya ikajenga mfumo juu ya mabega yao. Mwaka 1933 ikafunguliwa Odessa shule maalumu ya watoto wenye vipaji chini ya Stolyarsky, ambapo muziki na masomo ya kawaida vilikuwa chini ya paa moja. Moscow ikawa na ya kwake. Kutoka hapo mtoto aliingia chuo cha muziki, kutoka chuo akaenda kwenye mashindano ya nchi nzima, na akishinda alipelekwa mashindano ya kimataifa. Fidla za thamani zilizotaifishwa kutoka kwa matajiri wa zamani ziliwekwa katika hazina ya taifa na kuazimwa kwa walioshinda. Mtoto hakulipa ada, wala hakuhitaji mfadhili.

Kwa hiyo tunaposema shule ya Kirusi katika karne ya 20 tunamaanisha watu na taasisi: walimu wengi wao Wayahudi kutoka mikoa ya kusini, katika nchi ya Kisovieti, wakiutumia urithi wa mji mkuu wa zamani. Oistrakh alipoanza kufundisha Moscow mwaka 1934 aliingia katikati ya mfumo huo, na mwaka 1939 akawa profesa kamili. Hakuacha kufundisha pale hadi alipofariki.

Mwaka 1937

Mfumo ulitaka matunda, na matunda yake yalihesabiwa kwa medali. Mwaka 1935 Oistrakh alishinda mashindano ya nchi nzima Leningrad, jina jipya la St. Petersburg, akapelekwa Warsaw kwenye mashindano ya Wieniawski. Huko akashindwa na msichana wa Kifaransa wa miaka 15, Ginette Neveu. Barua aliyomwandikia mkewe Tamara, mpiga piano, haina kinyongo: alisema wazi kwamba binti yule ana kipaji cha ajabu na kwamba alistahili. Nampenda sana Oistrakh wa barua hiyo. Alikuwa anarudi kwenye nchi ambayo nafasi ya pili ilihitaji maelezo.

Miaka miwili baadaye, Brussels, mashindano mapya yalianzishwa kwa jina la mpiga fidla wa Ubelgiji Eugène Ysaÿe chini ya ulezi wa Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye mwenyewe alipiga fidla. Oistrakh akatoka wa kwanza. Nafasi ya pili akaichukua Ricardo Odnoposoff, mzaliwa wa Argentina. Nafasi ya tatu hadi ya sita zikaenda kwa Elizaveta Gilels, Boris Goldstein, Marina Kozolupova na Mikhail Fikhtengolts, wote wa Muungano wa Kisovieti. Katika washindi watano wa Kisovieti, Oistrakh akiwamo, wanne walikuwa wamepita mikononi mwa Stolyarsky. Mwaka uliofuata Emil Gilels, kaka yake Elizaveta na mtoto mwingine wa Odessa, akashinda Brussels kwa upande wa piano. Magazeti ya Moscow yalishangilia kama vita vimeshindwa.

Mwaka huo huo wa 1937 ndio uliokuwa kilele cha kamatakamata ya Stalin. Galina Vishnevskaya, mwimbaji wa opera na mke wa mpiga chelo Mstislav Rostropovich, alisimulia baadaye mambo ambayo Oistrakh aliwaambia faraghani. Katika jengo walimoishi wapangaji walichukuliwa mmoja mmoja usiku, mpaka zikabaki fleti mbili tu, ya kwake na ile iliyoelekeana nayo. Yeye na mkewe walikuwa wameweka tayari nguo za kujikinga na baridi na chakula kidogo kwa ajili ya siku ya kukamatwa. Usiku mmoja gari la polisi likasimama nje. Wakasikia mlango wa chini, lifti ikipanda, lifti ikisimama kwenye ghorofa yao, nyayo. Kisha kengele ikalia kwenye mlango wa jirani. Tangu saa ile, aliwaambia, alijua kwamba yeye si mpiganaji.

Kisa hiki kinafaa kuwekwa sambamba na picha za Brussels za mwaka ule ule, kwa sababu maisha yake yaliyofuata yanaeleweka vizuri tu vikisomwa pamoja. Bingwa wa dunia aliyepigiwa makofi na malkia aliishi kwenye ngazi ambayo majirani wote walikuwa wametoweka. Rostropovich alikuja kuandika barua ya wazi mwaka 1970 kumtetea mwandishi Solzhenitsyn, na akalipa gharama yake. Oistrakh hakuandika barua ya namna hiyo kamwe. Ninayeandika haya sijawahi kulala na nguo za gerezani chini ya kitanda, kwa hiyo sioni haki ya kumlaumu.

Vita vilipokuja alipiga viwandani, hospitalini na kwa askari, na akaingia Leningrad ilipokuwa imezingirwa na Wajerumani, akapiga mbele ya watu waliokuwa na njaa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipiga pia katika kikundi cha watatu pamoja na Lev Oborin kwenye piano na Sviatoslav Knushevitsky kwenye chelo, na kikundi hicho kilidumu hadi Knushevitsky alipofariki mwaka 1963.

Konserto iliyosubiri

Watunzi walimwandikia. Myaskovsky, kisha Khachaturian, ambaye konserto yake Oistrakh aliipiga kwa mara ya kwanza Moscow mwezi Novemba 1940. Prokofiev alikuwa na sonata ya filimbi. Oistrakh akambembeleza aigeuze iwe ya fidla, na ndiyo leo inayoitwa Sonata ya Pili. Ile ya Kwanza, nyeusi na nzito, ilitungwa kwa miaka mingi, na yeye na Oborin wakaizindua Oktoba 1946. Prokofiev alipofariki tarehe 5 Machi 1953, siku ile ile aliyofariki Stalin, mji mzima ulikuwa umemezwa na msiba wa mtawala. Kwenye mazishi ya mtunzi, yaliyohudhuriwa na watu wachache, Oistrakh ndiye aliyepiga sehemu mbili za sonata hiyo.

Lakini kisa kikubwa ni cha Shostakovich. Alianza kutunga Konserto ya Kwanza ya fidla mwaka 1947 kwa ajili ya Oistrakh. Kabla hajaimaliza, tarehe 10 Februari 1948, Kamati Kuu ya Chama ikatoa azimio lililowashutumu watunzi wakubwa, yeye na Prokofiev wakiwa mbele, kwa kosa lililoitwa “uformalisti”. Kwa maneno rahisi, walishitakiwa kwa kutunga muziki usiopendeza masikio ya viongozi. Shostakovich akafukuzwa kazi ya ualimu Moscow na Leningrad. Nyimbo zake nyingi zikaacha kupigwa. Akaimaliza konserto mwezi Machi, akaifungia.

Kulikuwa na sababu ya pili ya kuificha. Katika sehemu ya pili kuna wimbo wenye mahadhi ya Kiyahudi, na miaka ile ilikuwa ya kampeni dhidi ya “makosmopoliti”, neno ambalo kwenye magazeti lilimaanisha Wayahudi bila kuwataja. Januari 1953 madaktari wa Ikulu ya Kremlin, wengi wao Wayahudi, walitangazwa kuwa wauaji. Myahudi mmoja kusimama jukwaani Moscow na kuzindua kazi ya mtunzi aliyeshutumiwa, yenye mahadhi hayo, kungekuwa kujitoa mhanga. Walingoja.

Stalin alikufa, hali ikalegea kidogo kidogo, na tarehe 29 Oktoba 1955 konserto ikapigwa Leningrad, okestra ikiongozwa na Yevgeny Mravinsky. Ina sehemu nne. Ya kwanza ni usiku mrefu usio na nyota. Ya pili ni dhihaka ya haraka, na ndani yake mtunzi ameficha herufi za jina lake kwa noti nne. Ya tatu ni passakalia: msingi mmoja wa besi unarudiwa tena na tena huku juu yake fidla ikiomboleza, mpaka okestra inanyamaza yote na mpigaji anaachwa peke yake kwa dakika kama tano, sehemu iitwayo kadenza. Kutoka hapo inaingia moja kwa moja sehemu ya mwisho, ya vurugu na ngoma.

Hapo Oistrakh alimwomba mtunzi jambo dogo. Katika rasimu, mara tu kadenza inapoisha, fidla ndiyo iliyotakiwa kuanzisha sehemu ya mwisho. Oistrakh akamsihi aipe okestra mistari ile ya kwanza, ili walau mpigaji apate kufuta jasho. Shostakovich akakubali mara moja, na ndivyo inavyopigwa mpaka leo. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha uhusiano wao ulivyokuwa: wakuu wawili wa sanaa wakijadili kitambaa cha jasho, baada ya kusubiri miaka saba kwa hofu.

Baada ya uzinduzi wakosoaji rasmi walijikausha. Mwaka 1956 Oistrakh akaandika makala ndefu katika jarida la Sovetskaya Muzyka, akiichambua konserto sehemu kwa sehemu na kuitetea. Mtu aliyesema yeye si mpiganaji alitumia cheo chake chote kulinda karatasi za rafiki. Hata namba ya kazi hiyo ina alama ya enzi: ilitungwa kama opus 77, ikachapishwa kama opus 99, ionekane mpya.

Mwaka 1967 Shostakovich alimtungia konserto ya pili kama zawadi ya kutimiza miaka 60, akakosea hesabu kwa mwaka mmoja. Oistrakh alikuwa anatimiza 59. Mtunzi akaona lazima arekebishe, na mwaka 1968 akamtungia sonata, ambayo Oistrakh aliizindua na mpiga piano Sviatoslav Richter mwaka 1969. Kosa la mwaka mmoja limetuachia kazi mbili badala ya moja.

Balozi

Novemba 1955, wiki chache baada ya uzinduzi wa Leningrad, Oistrakh alitua Marekani. Vita Baridi vilikuwa vimepoa kidogo na pande zote mbili zilitaka kubadilishana wasanii. Emil Gilels alikuwa ametangulia mwezi mmoja kabla. Tarehe 20 Novemba ukumbi wa Carnegie Hall wa New York uliwapokea wapiga fidla watatu kwa siku moja, kila mmoja kwa onyesho lake: Mischa Elman, David Oistrakh na Nathan Milstein. Wote watatu walijifunza fidla Odessa. Wawili walikuwa wameondoka na kuwa Wamarekani, mmoja alibaki. Sijui siku nyingine inayoeleza vizuri kuliko hiyo mambo ambayo jina “Mrusi” linafunika. Mwezi Desemba, na New York Philharmonic chini ya Dimitri Mitropoulos, akaipiga konserto ya Shostakovich kwa mara ya kwanza nchini humo.

Safari hizo ziliendeshwa na serikali. Ofisi ya serikali ilipanga aende wapi na lini, na sehemu kubwa ya malipo ya fedha za kigeni ilikwenda hazina. Wasikilizaji wa Paris, London na Tokyo walimwona mtu mnene, mpole, mwenye tabasamu la haya, na wakampenda. Dola ilinufaika na upendo huo. Lakini wasikilizaji nao walinufaika, na hapo ndipo hoja ya “chombo cha propaganda” inapopungukiwa: propaganda hutaka uamini neno fulani, na alichokipeleka Oistrakh New York ilikuwa kazi ambayo dola yenyewe ilikuwa imeilazimisha ikae kimya.

Darasani

Ualimu wake haukufanana na wa Stolyarsky. Hakulea watoto, waliofika kwake walikuwa vijana waliokwisha kujengwa. Haukufanana pia na wa Yuri Yankelevich, mwalimu mwingine mkubwa wa Moscow wakati ule, ambaye alichunguza kwa kina namna ya kuweka mikono na kusogeza vidole, na aliyewatoa Viktor Tretyakov na Vladimir Spivakov. Oistrakh hakuwa na mfumo wa kuandika. Alikuwa na fidla yake mkononi. Mwanafunzi alipokwama, aliipiga sehemu ile mwenyewe, na wengine waliokaa darasani wakasikiliza. Maneno yalikuwa machache na sauti haikupanda. Safari zilipokuwa ndefu, wasaidizi kama Pyotr Bondarenko waliendelea na darasa.

Njia hiyo ina hatari yake: mwalimu anayeonyesha kwa kupiga huzalisha waigaji. Kinga ya Oistrakh ilikuwa heshima yake kwa tofauti. Valery Klimov alishinda Mashindano ya kwanza ya Tchaikovsky mwaka 1958, na Viktor Pikayzen akawa wa pili. Wote walikuwa wanafunzi wake, na hawafanani. Oleg Kagan, Liana Isakadze, Oleh Krysa, Lydia Mordkovich, kila mmoja ana sauti yake. Aliye mbali zaidi na mwalimu ni Gidon Kremer wa Riga: sauti nyembamba yenye makali, mpenzi wa muziki mpya uliowakera wakubwa. Kremer ameeleza kwamba mwalimu wake hakukubaliana na kila alichofanya, lakini hakumzuia, na alimsimamia. Mwaka 1970 Kremer alishinda Mashindano ya Tchaikovsky. Mwanawe Oistrakh, Igor, aliyezaliwa 1931, naye alipita darasani kwa baba, akashinda mashindano ya Wieniawski mwaka 1952, na wawili hao wakapiga pamoja konserto ya Bach ya fidla mbili kwenye kumbi nyingi.

Moyo ulimsumbua tangu 1964, na hakupunguza kazi. Alikuwa ameongeza hata uongozaji wa okestra. Alifariki Amsterdam tarehe 24 Oktoba 1974, akiwa katikati ya mfululizo wa maonyesho ya kazi za Brahms na okestra ya mji huo. Alikuwa na miaka 66. Amezikwa kwenye makaburi ya Novodevichy, Moscow.

Rekodi zake ni nyingi mno kwa anayeanza, kwa hiyo nitashauri njia moja. Tafuta Konserto ya Kwanza ya Shostakovich aliyoirekodi mwaka 1956, ile ya Mitropoulos au ile ya Mravinsky. Anza na sehemu ya tatu, uifuate hadi kadenza na ile zamu ya okestra aliyoiombea mwenyewe. Kisha nenda kwenye Sonata ya Kwanza ya Prokofiev akiwa na Oborin. Konserto ya Tchaikovsky, ambayo kila mtu humtaja nayo, acha ije ya tatu.